Maswali na majibu: kutulia moyo ndani ya jiji lenye kelele

Natoka Mbagala alfajiri, narudi usiku. Huo utulivu wa kiroho nitaupatia wapi?

Humo humo ndani ya daladala. Wengi wanasubiri mahali patulivu, na Dar haina subira hiyo. Chagua kipande kimoja cha safari, kile kile kila siku, tuseme Kwa Azizi Ali hadi Bendera Tatu. Simu iwe mfukoni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6. Pumzi inayotoka polepole huteremsha mapigo ya moyo, ndiyo maana kutoa kunazidi kuvuta. Hesabu pumzi 10, kisha rudi 1.

Kabla ya pumzi ya nne utajikuta unawaza kodi ya nyumba. Usijilaumu. Kule kugundua kwamba akili imetoroka ndiyo kazi yenyewe, nawe unaanza tena kwenye 1. Ukisikia kizunguzungu au vidole vikifa ganzi, unavuta hewa nyingi mno. Acha kuhesabu, upumue kawaida. Dereva na bodaboda wasijaribu wakiwa barabarani.

Naswali swala zote tano, lakini nikitoa salamu sikumbuki hata nilichosoma.

Anzia kwenye udhu. Badala ya kuachia bomba, chota maji kwenye kopo lisilofika lita moja, Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa kibaba kimoja tu. Maji yakiwa machache, mikono yenyewe hupunguza kasi, na moyo huifuata.

Baada ya swala, kwenye nyiradi (Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34), punje ya tasbihi isisogee mpaka neno liishe mdomoni. Jisikilize leo: ukiwa na haraka, "Subhanallah" inageuka "suballah", na kidole kimeshakimbilia punje ya tatu. Mkatoliki mwenye rozari anaumwa ugonjwa huo huo. Asimame kidogo kwenye punje ya Baba Yetu, amtaje mtu mmoja anayemwombea, ndipo aendelee na Salamu Maria 10.

Mimi ni Mlokole. Jirani Mwislamu amenialika futari, mama mkwe anasema nitachafua imani yangu. Niende?

Nenda, dada. Futari ni chakula na ujirani, hakuna kiapo ndani yake. Fika kabla ya adhana ya Magharibi, usiguse kitu mpaka wenyeji wafungue, mara nyingi kwa tende na maji. Ukibeba zawadi, matunda yanatosha. Wakienda kuswali, kaa kimya; hakuna anayekutazamia uswali nao.

Na mama mkwe usimpite. Mweleze kabla ya kwenda, kwa heshima, utakaa na nani na mpaka saa ngapi. Hofu yake ni upendo.

Ukikaa mkekani, uliza hivi: "Hili kwenu lina maana gani?" Kisha: "Ulifundishwaje ulipokuwa mdogo?" Ukianza na "kwa nini nyinyi…", mwenzio anasikia shutuma na mazungumzo yanafungwa. Akimaliza, rudia alichosema kwa maneno yako, umwulize kama umeelewa sawasawa. Mara nyingi atakurekebisha, na hapo ndipo unapojifunza.

Kosa tunaloliona mno, kwa Wakristo na Waislamu sawasawa, ni kulinganisha maandiko yetu na tabia za watu wao wabaya. Linganisha mafundisho kwa mafundisho, matendo kwa matendo.

Nikifumba macho kutafakari nasinzia.

Basi usifumbe. Simama, au tembea taratibu ukisikia nyayo zikigusa ardhi. Na iwe kabla ya ugali, si baada.

Tangu nianze kukaa kimya, huzuni ya msiba wa zamani inanirudia kwa nguvu.

Pole sana. Shughuli zilikuwa zimeifunika, ukimya umeifunua, hujakosea kitu. Punguza muda uwe dakika 3, macho wazi, ukitaja polepole vitu 5 unavyoviona mbele yako. Halafu mtafute mtu wa kumsimulia habari za marehemu, hata kama ni shangazi uliyezoea kumpigia sikukuu tu.

Lakini ukikosa usingizi usiku baada ya usiku, chakula kikakushinda, au ukajiwa na mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sheikh au mchungaji mwenye busara atakusindikiza mwenyewe.