Kabla hujampa hiyo mia tano, muulize amefika lini

Mleta uzi anasema kila asubuhi akishuka kwenye daladala kuna mtoto wa kama miaka kumi anamfuata kuomba. Anauliza ampe hela au amwache, maana ameambiwa akimpa anazidi kumharibu. Nimesoma majibu yote ya wakuu hapo juu. Naomba nami niseme niliyoyaona, kwa sababu nimeuza chai nje ya stendi ya Buzuruga hapa Mwanza miaka tisa, na alfajiri watoto hawa ndio wanaoniamkia kabla sijapata mteja hata mmoja.

Hela hiyo haikai mkononi mwake. Jioni wakubwa wao wanapita kukusanya, na asiyetoa anapigwa au anafukuzwa pale anapolala. Kinachobaki kinaishia kwenye gundi ya viatu. Mnawaona na kichupa kimefichwa ndani ya mkono wa sweta, pua imezama humo, mnasema ni uhuni. Muulize mwenyewe, atakwambia inakata njaa na baridi. Na hao mnaowakuta wamelala barazani saa nne asubuhi mkawaita wavivu, usiku hawalali. Usiku ndio wanapigwa, ndio wanaibiwa, na kuna mengine ambayo mtoto hatakwambia mpaka akuzoee sana. Mabinti ndio hatuwaoni kabisa. Binti akishuka kwenye basi peke yake, giza likiingia ameshachukuliwa na mtu, na si kila anayemchukua ana nia njema. Hao wananiuma kuliko wote.

Kuna mmoja nitamwita Masanja, si jina lake. Alikuwa na miaka 11, ametoka vijijini huko Maswa kwa kudandia lori. Siku ya kwanza alikuja kuniomba maji ya moto, hakutaka chai. Alikuwa na kidonda kwenye unyayo anataka kukiosha. Viatu vyake alikuwa amevifunga kwa kamba kwenye kifundo cha mkono, visiibiwe akiwa amelala ndani ya sandarusi. Shati lake bado lilikuwa na nembo ya shule. Nilipomuuliza jina akanitajia la kwake, la baba na la babu.

Hapo nikafanya kosa ambalo mpaka leo linanisumbua. Kwa huruma nilichangisha nauli kwa makondakta, nikamkabidhi kwa mmoja wao amfikishe kwa mama yake. Nikalala nikiwa na amani. Wiki ya tatu nikamkuta pale pale. Shati la shule halipo, na nilipomwita kwa jina lake hakugeuka. Alikuwa na jina la mtaani. Mgongoni ana alama za fimbo mbichi kabisa. Kumbe baba wa kambo alimtoa shule achunge ng'ombe, ndama wawili wakapotea, na ni kwa ajili ya ndama hao alikuwa anapigwa kila jioni. Sikuwa nimemuuliza alikimbia nini. Nilimlipia nauli ya kurudi kwenye fimbo.

Ndiyo maana siungi mkono wanaosema hapa wakamatwe wote warudishwe kwao. Hiyo nimeiona mara kadhaa. Wanapakiwa kwenye gari, stendi inakaa kimya siku chache, kisha wanarudi mmoja mmoja wakiwa waoga zaidi, hata chai ya bure hawaji kuchukua. Kumtoa mtoto barabarani ni kazi ya siku moja. Kazi yenyewe iko nyumbani kwao.

Mara ya pili nilimpeleka polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, wao wakatuunganisha na afisa ustawi wa jamii. Akawekwa kwenye nyumba ya kulelea watoto huku ndugu wakitafutwa. Ilichukua miezi minne. Kwa mama ikaonekana hapafai, akapatikana bibi mzaa mama. Siku ya kumkabidhi niliomba niende nao. Yule bibi hakulia wala hakupiga vigelegele. Alisema mjukuu anampokea, ila baba wa kambo asikanyage pale, na akataka iandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji. Hajui kusoma. Akaomba asomewe mara mbili, ndipo akaweka dole gumba.

Shule ikawa mtihani mwingine. Ada imefutwa, ni kweli, lakini sare na madaftari havijafutwa, na mtoto aliyekosa shule miaka miwili anaona aibu kukaa na wadogo. Aliingizwa MEMKWA, ule mpango wa waliokosa elimu, ndipo akatulia. Sisi wauza chai na makondakta watatu tulichanga sare, sabuni na jembe la bibi. Alitoroka tena mara moja. Alifika Lamadi, njiani kuja Mwanza, akakaa siku mbili, akarudi mwenyewe kwa bibi.

Wengi wanaogopa kujihusisha wasije wakaambiwa wameiba mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema kinyume chake: ukijua haki za mtoto zinavunjwa, ni wajibu wako kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lako. Ukishindwa kwenda, piga 116, ni bure. Usimchukue ukakae naye kwako kimya kimya, hata kama una moyo mweupe.

Sasa ndugu yangu mleta uzi, kesho mnunulie uji na chapati, ukae naye anapokula. Muulize jina na amefika lini. Akikutajia jina kamili na kijiji, huyo bado ni mgeni, usisubiri wiki ijayo, siku hiyo hiyo nenda naye ustawi wa jamii. Akikupa jina la mtaani, ujue itakuchukua muda. Rudi na uji kesho yake, na kesho kutwa, usimdadisi sana. Lakini kabla hajapanda basi lolote la kurudi kwao, lazima mtu mzima awe ameshajua alikimbia nini.

Masanja ana miaka 14 sasa. Mwezi uliopita kondakta aliniletea mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, kutoka kwa bibi. Akaniambia aliyeuleta kwenye basi ni kijana mwenyewe, na amekataa kupanda hata alipotaniwa apewe lifti ya bure mpaka Mwanza.