Farasi ana usaha puani: kwa nini daktari hakuacha dawa?

SWALI: Ninatunza farasi katika zizi moja hapa Maskati. Farasi aliyeletwa miezi miwili iliyopita anatoka kamasi nzito za manjano katika tundu moja la pua, amekonda, na homa humjia na kumwacha. Daktari wa mifugo alichukua damu, akakataza farasi yeyote asitolewe zizini, kisha akaondoka bila kuacha dawa. Je, huu si uzembe?

JIBU: Si uzembe, ndugu msomaji. Kamasi za upande mmoja mara nyingi husababishwa na jino bovu au usaha uliojikusanya katika mianya ya mifupa ya uso, na huenda farasi wako hana zaidi ya hayo. Hata hivyo, akiwa ni mgeni, amekonda na homa yake ni ya vipindi, daktari hana budi kwanza kuondoa shaka ya ugonjwa wa nadra ambao Waarabu huuita ruamu, unaoletwa na bakteria Burkholderia mallei. Ugonjwa huu haujatoweka katika eneo lenu: mwaka 2010 ulizuka Bahrain, ukawapata farasi na hata ngamia.

Bakteria hao hufanya vinundu mapafuni na vidonda ndani ya pua, ambavyo vikipona huacha makovu yenye umbo la nyota. Pengine hutokea majipu yaliyopangana kwenye ngozi, hasa ya miguu. Punda na baghala huugua kwa ukali na huweza kufa katika siku chache, lakini farasi aweza kuishi na ugonjwa kwa miezi mingi, huku akichafua maji na vihori wanavyotumia wenzake. Hapo ndipo ilipo hatari ya dawa: antibiotiki huweza kutuliza dalili bila kumaliza bakteria, nawe ukabaki na farasi mwenye sura ya uzima anayeendelea kuambukiza. Chanjo haipo. Uingereza iliutokomeza mwaka 1928, kabla ya antibiotiki kuanza kutumika, kwa kupima farasi na kuwaua walioambukizwa, na nchi nyingi zingali zinafuata njia hiyo. Ni njia chungu kwa mwenye farasi, sikatai.

Damu iliyochukuliwa hupimwa kingamwili. Daktari aweza pia kudunga malleini, yaani protini zilizotolewa katika bakteria hao, katika ngozi ya kope la chini na kulitazama baada ya siku mbili: likivimba sana na jicho likitoa usaha, shaka huongezeka.

Wakati mkisubiri majibu, farasi huyo awe na ndoo, kihori na brashi zake peke yake, na ahudumiwe mwisho baada ya wengine. Wewe mwenyewe vaa glavu na barakoa, kwa kuwa ugonjwa huu humpata binadamu na waweza kumuua. Ukishikwa na homa, au kidonda kikitokea mkononi, mweleze daktari wako waziwazi kwamba unamhudumia farasi anayeshukiwa, maana bila hilo si rahisi aufikirie.