Maji ya Ruaha na swali lako la uhaba

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Mbarali hatujambo. Mama yako anakusalimu sana, na mpunga wote umeshaingia ghalani.

Swali lako limenifurahisha. Unasema mhadhiri wenu amewafundisha kuwa rasilimali ni haba, mahitaji ya watu hayana mwisho, na elimu yote ya uchumi inaanzia hapo. Wewe hukuridhika: nchi ina Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa, ina mito na ardhi tele, uhaba gani tena? Ukaniuliza kama huo si umaskini uliovikwa nguo nzuri.

Si umaskini, binti yangu, na ukivichanganya hivi viwili utasumbuka na masomo yaliyobaki. Tuchukue maji ya mto Ruaha Mkuu, maana hayo tunayajua wote wawili.

Mwezi wa tatu, mto ukishafura, hakuna anayemuuliza mwenzake amechota kiasi gani. Fungua mlango wa banio, pale tunapoyachepusha maji ya mto kuingia mferejini, usiku kucha, jirani hapungukiwi na kitu. Wakati huo maji si haba hata kwa fukara wa mwisho kijijini. Njoo sasa mwezi wa kumi na moja. Mvua haijashika, miche iko tayari kitaluni, na kila mtu anataka kupandikiza wiki ileile kwa sababu mpunga wa mapema ndio wenye bei. Aliye karibu na banio anavuruga tope, maji yamemfika magotini. Aliye mwisho wa mfereji miche yake imekunja majani, udongo wa jaruba, kile kipande cha shamba la mpunga chenye tuta pande zote, umeanza kufunguka nyufa, na amekesha na tochi akilinda zamu yake isichepushwe. Huyo wa mwisho anaweza kuwa na ekari nyingi na trekta kuliko yule wa juu. Fedha zake hazimsaidii kitu usiku ule.

Hapo ndipo uhaba ulipo: kitu kimoja kina kazi nyingi, na kukipeleka huku ni kukinyima kule. Kwa hiyo ukitaka kujua gharama ya maji yanayoingia kwenye jaruba la juu, usitazame ada tunayolipa kwenye chama chetu cha watumia maji. Ada hiyo inahesabiwa kwa ekari, uchote kidogo au uchote mengi. Gharama yenyewe ni lile shamba la chini ambalo halikupandwa. Ndiyo maana mkulima wa juu huyaacha maji yasimame shambani hata yasipohitajika. Kwake ni bure, anayelipa ni mwingine. Shika hapo sana, maana mambo mengi utakayosoma kuhusu bei yanatokana na jambo hili: bei ikikosekana au ikiwa ya uongo, mtu hatambui anachomnyima mwenzake.

Sasa panua macho kidogo. Maji yakitoka kwetu yanaingia ardhioevu ya Ihefu, yanatokea kwenye kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, yanapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yanafika bwawa la Mtera kwenye mitambo ya umeme ya megawati 80, kisha Kidatu kwenye 204. Mbele zaidi yanaingia Rufiji, na siku hizi huko kuna bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Ihefu ikishuka chini ya kile kizingiti, hakuna tone linalotoka. Tangu 1993 mto umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na viboko husongamana kwenye vidimbwi vya tope.

Jambo moja silisikii likisemwa vya kutosha. Maji yakizungusha mtambo wa Mtera hayaishi, yanateremka Kidatu yakafanye kazi tena. Kwenye mpunga, sehemu yake inarudi mtoni kwa mifereji ya kutolea, lakini sehemu kubwa inapaa hewani na hairudi. Basi lita moja ya shambani na lita moja ya bwawani hazilingani. Sisemi hivyo kuudharau mpunga, maana ndio uliokusomesha.

Ila nchi ilipoingia kwenye mgawo wa umeme, kidole kilielekezwa bonde letu la Usangu, kwa wakulima na wafugaji, bila kupima vizuri. Watafiti walioichunguza Mtera walionyesha kuwa maji mengi yanayoijaza hufika wakati wa mafuriko, na kwamba hata namna ya kuyafungulia bwawani ilichangia upungufu. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa Ihefu na mifugo yao, wengine wakapelekwa hadi Lindi. Mimi ni mkulima, na wafugaji tumegombana nao mara nyingi, lakini naamini walibebeshwa mzigo kuliko sehemu yao. Somo la uhaba litakufundisha kuwa lazima kitu kiachwe. Halikuambii nani aache, na hapo wasio na sauti ndio hutangulia kuambiwa. Muulize mhadhiri wako kuhusu hilo, usione aibu.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka mpangilio: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha ya mazingira, ndipo yafuate ya uzalishaji, sisi tukiwemo. Mimi naona mpangilio huo ni wa haki, hata kama unaniuma mfukoni.

Na utaniuma karibuni. Jumamosi tuna mkutano wa chama cha watumia maji. Wengi wanataka banio liachwe wazi kiangazi chote tulime vitunguu na maharage, na bei ya vitunguu ni nzuri kweli. Ukilifungua lote, vijiji vya chini vitachimba mchanga kutafuta maji ya kunywa. Nitapendekeza tufungue kwa kipimo kilicho kwenye kibali cha kiangazi, tulime ekari chache, na wa mwisho wa mfereji ndio waanze zamu. Najua watakaonipinga, na baadhi yao ni ndugu zetu. Wana ada za watoto kama mimi.

Nikipata matokeo nitakuandikia. Ukiwa na muda, nitafutie namna ambayo wenzetu wa mahali pengine hupima maji na kuyatoza kwa ujazo badala ya ekari, na imewagharimu nini kuweka vipimo. Ningependa kwenda nayo kwenye mkutano unaofuata.

Baba yako