Demani (kamba ya kuongozea tanga) kwenye winchi ya yoti: upande gani, mizunguko mingapi?
Upande wa mishale ya saa, ukiitazama winchi kwa juu. Ngoma, yaani sehemu ya winchi inayozungushiwa kamba, huzunguka upande huo tu. Ukizungusha kamba kinyume, ngoma itageuka bure na haitashika kitu. Anza na mizunguko miwili, vuta ulegevu upesi kwa mikono, ongeza wa tatu (upepo ukikaza, wa nne), ndipo uchomeke mpini. Wanaoanza huweka minne tangu mwanzo: kamba iliyolegea inapandana, inajibana, na nahodha akitaka kubisha tena (kugeuza omo kuvuka upepo), tanga la mbele haliachiki. Unapoongeza mzunguko, kidole kidogo ndicho kielekee ngoma, si gumba. Winchi yenye taya za kushika kamba juu, jaza ngoma mizunguko kwanza.