Wateja wanasema "iko sawa tu"

SWALI: Natengeneza mbuzi za kukunia nazi na kuuza sokoni. Nataka kutoa mbuzi bora zaidi, ila nikiwauliza akina mama kinachowakera, wote hujibu, "Haina neno fundi, iko sawa tu." Nianzie wapi?
Fundi seremala, Tanga

JIBU: Acha kuuliza, nenda ukatazame. Aliyekuna nazi miaka ishirini ameshaizoea kero, haioni tena. Omba kukaa jikoni kwa wateja watano, kila mmoja akune nazi mbili, nawe uandike mambo matatu tu: amesita wapi, amesogeza nini, amefunga au kukingia nini. Na usiisifu mbuzi yako. Ukiisifu, atakuna kwa kukustahi na hutaona kitu.

Macho yako yatafute viraka. Khanga iliyokunjwa juu ya kiti: ubao unamuumiza, au kichwa cha msumari kimechomoza. Gazeti chini ya mguu: sakafu ni ya vigae na mbuzi inateleza. Mpira wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa kwenye shina la chuma: chuma kinacheza.

Hicho cha tatu ndicho kibaya kuliko vyote. Mkunaji anakandamiza nazi, anaizungusha, anaachia, anakandamiza tena, na kila mara chuma kinautingisha msumari. Msumari umeshikwa na mbao peke yake, kwa hiyo tundu linapanuka na msumari unapanda kidogo kidogo. Kuugongomea tena kwenye tundu lile lile ni kazi bure. Chuma kikicheza, mkono hauwezi tena kukisia kina, meno yanafika kwenye ngozi ya kahawia na nazi iliyokunwa inatoka na vidoa vyeusi. Mama hulaumu nazi, halaumu mbuzi! Ndiyo maana hakukuambia.

Toboa mashimo mawili ya milimita 6, upitishe bolti zenye washa pana (vile vibati vya duara vyenye tundu), nati zikae chini ya ubao zisije zikanasa nguo. Achanisha mashimo kwa sentimita 5 badala ya 2. Mvuto kwenye bolti hupungua. Shimo la mbele liwe angalau sentimita 3 kutoka ukingoni, la sivyo ubao utapasuka.

Usibadilishe kiti na miguu siku hiyo hiyo, maana hutajua kilichosaidia ni kipi. Mwachie mbuzi hiyo mama yule yule aliyekuwa amefunga tyubu kwa wiki mbili, kisha rudi utazame. Ukikuta mpira wa tyubu umerudi, hujamaliza kazi.

SWALI: Nimejaza daftari zima kero za nyumbani, kuanzia mfuniko wa dumu unaopotea hadi taa za sikukuu zinazojifunga mafundo. Nichague ipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mfuniko. Taa za sikukuu humkera mtu mara moja kwa mwaka, akishazitundika amesahau. Dumu hubebwa kila siku, na watu tayari wanaziba kwa nailoni au gunzi la muhindi, yaani wameshaanza kukutengenezea dawa. Kabla hujatengeneza hata kimoja, pima midomo ya madumu ya lita 20 kama thelathini hivi mtaani kwako, kwani haifanani, na mfuniko wa saizi moja utalegea kwenye dumu hili na kugoma kuingia kwenye lile.