Kuridhika sio kunyamaza

Mwanangu, meseji yako nimeisoma. Wamewapunguza kazini, mafao hawajawalipa, na unauliza utajuaje kama umeridhika na mapenzi ya Mungu au umekata tamaa tu, afu unasema umeamua kukaa kimya kama bibi. Ngoja nikwambie kuhusu huyo bibi yako.

Mwaka 1983 uchumi umeanguka, vita vya Kagera vimeisha lakini sabuni hakuna, unapanga foleni duka la ushirika toka alfajiri, watu wanaacha jiwe au kikapu kushika nafasi. Siku hiyo tumesimama na mama, ndo huyo bibi yako, mpaka jua la utosi, tunafika dirishani muuzaji anasema zimeisha, na mimi kwa macho yangu naona miche ya sabuni inatokea mlango wa nyuma imefunikwa khanga. Mpaka leo nikikumbuka kifua kinabana. Na ndo ulikuwa mwaka wa kukamata wahujumu uchumi, wale wanaoficha na kulangua bidhaa, mama angesema neno moja tu yule angelala ndani. Hakusema. Akaponda majani ya mpapai, akafulia shati jeupe la babu yako la kanisani, na Jumapili akamsalimia muuzaji vizuri tu, watoto hawajambo?

Mi nilitaka aseme, bado nataka. Ila yule naye alikuwa na watoto, sijui. Lakini kwenye Biblia yule mama Hana, mama yake Samweli, alilia mbele za Bwana mpaka kuhani Eli akadhani amelewa, na Mungu alimsikia! Na Paulo kwenye Wafilipi 4 yuko kifungoni anasema amejifunza kuwa radhi, humo humo anafurahia vitu alivyoletewa na Epafrodito, hakuvirudisha ati kwa sababu ameridhika. Nasema kila siku, kuridhika sio kunyamaza.

Na bibi yako hakunyamaza. Usiku ule nilimsikia chumbani anamwambia Mungu yote, foleni, sabuni, khanga ile, jina la muuzaji kabisa, anashtaki kama yuko mbele ya hakimu, afu akalala usingizi mzito. Kwa hiyo nakuuliza, wewe huko umeshashtaki, au hata kwa Mungu umenyamaza?

Kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, au kuacha siamui mimi, ingawa ulimi unaniwasha kweli. Ila ujue shauri la kuachishwa kazi linapelekwa ndani ya siku 30, kwa hiyo omba, lakini usiombe mwezi mzima.