Mzee wa kanisa amenizuia kufundisha watoto. Je, kuichunguza Biblia kitaalamu ni dhambi?

SWALI: Shikamoo mchungaji. Mimi ni binti wa Ukerewe, nasoma chuo cha Biblia hapa Mwanza, mwaka wa pili. Likizo iliyopita niliwaambia vijana wa kanisani kwetu kwamba nakala za kale kabisa za Injili ya Marko hazina aya ya 9 hadi ya 20 za sura ya 16. Mzee mmoja wa kanisa akasimama, akasema "andiko huua", na kwamba wasomi wanamsulubisha Bwana mara ya pili. Tangu siku hiyo nimeondolewa kufundisha watoto. Baba, ambaye ananilipia ada kwa kuvua dagaa, yuko upande wa mzee na anataka nirudi nyumbani. Je, natenda dhambi? Nimtii baba niache masomo?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Swali lako limeniumiza, kwa sababu si wewe wa kwanza kuniletea, na baadhi ya waliotangulia waliacha masomo, na wengine wakaacha kanisa. Sitaki upoteze kimojawapo.

Hutendi dhambi. Katika Matendo 17 Waberoya, watu wa mji wa Beroya, walisifiwa kuwa waungwana kwa sababu waliyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo, na aliyekuwa akiwahubiria ni Paulo mwenyewe. Luka naye anaanza Injili yake kwa kusema kwamba watu wengi walikwisha kuandika kabla yake, na kwamba yeye alijitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo. Kama kuchunguza ni uasi, basi tuanze kwa kumfukuza Luka.

Sasa hilo neno "andiko huua", ambalo limegeuzwa rungu la kuwapigia vijana. Mzee alipaswa kuisoma sura nzima. Katika 2 Wakorintho 3 Paulo anazungumzia torati iliyochorwa katika mawe, agano lililomhukumu mtu bila kumpa nguvu ya kulitimiza. Hasemi lolote juu ya shule. Tena angalia anachofanya katika sura hiyohiyo: anaichukua habari ya utaji wa Musa kutoka Kutoka 34, anaipekua, anauliza kwa nini Musa alijifunika uso, anatoa maana. Mtu yuleyule aliyeandika "andiko huua" yumo katikati ya kulifafanua andiko! Na alipokuwa kifungoni, akiona mwisho wake umekaribia, aliagiza aletewe joho lake na vitabu, hasa vile vya ngozi.

Najua watakujibu kwa Matendo 4:13, kwamba Petro na Yohana hawakuwa na elimu. Ni kweli hawakuwa wanafunzi wa marabi. Lakini aya hiyohiyo inaongeza kwamba watu wakawatambua ya kuwa walikuwa pamoja na Yesu. Walikaa miguuni pa Mwalimu mwenyewe, wakamuuliza kila mfano walioshindwa kuuelewa. Sisi hatukuwapo. Tulichopokea ni maandiko ya Kiebrania na Kiyunani, na yamefika mikononi mwetu kwa sababu kuna watu walikubali kuchoka juu yake. Alexander Mackay, mhandisi na mmisionari, alitafsiri na kuchapa sehemu za Injili kwa Kiganda, na alifia Usambiro, upande huuhuu wa kusini mwa ziwa letu, mwaka 1890, kazi ikiwa bado mikononi. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ambayo bila shaka ndiyo mzee aliyokuwa ameishika alipokukaripia, Agano lake Jipya lilitoka mwaka 1950 na kitabu kizima mwaka 1952, baada ya watu kukaa mezani kulinganisha maandiko neno kwa neno. Usomi anaoulaani yuko nao kwapani kila Jumapili.

Tena niseme jambo ambalo wazee wetu hawapendi kulisikia. Huku kwetu kanda ya ziwa, andiko limeua kweli, na limeua kwa sababu ya kutosomwa vizuri. Sote tunajua habari za vikongwe wa Usukumani waliokatwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia miaka na miaka. Nimewahi kukaa msibani nikasikia mtu anayejiita mkristo akinong'ona Kutoka 22:18, "Usimwache mwanamke mchawi kuishi", kana kwamba marehemu amepata haki yake. Mtu huyo hakuhitaji roho zaidi, alihitaji kufundishwa kusoma. Angefundishwa, angejua kwamba hiyo ni sheria ya taifa la kale lililokuwa na waamuzi wake, na kwamba torati hiyohiyo inakataza kumhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Angeona pia kwamba Kumbukumbu 18:10 inamhukumu anayetazama bao, yaani yule mpiga ramli aliyemtaja bibi wa watu. Kisha angekutana na Kristo, ambaye hakumponda mtu yeyote kwa mawe. Wanaosema "tusome tu, Roho atatufunulia" wamjibu Mungu juu ya damu ya wale bibi.

Aya zako za Marko nazo ziko karibu na jeraha hilo. Ndani yake mna ahadi ya kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha bila kudhurika. Kuna wahubiri wanaoinua Marko 16:18 na kumwambia mgonjwa wa kifua kikuu au anayetumia ARV aache dawa, amekwisha kupona. Nimezika watu waliotii. Kwa hiyo kujua historia ya aya hizo si mchezo wa darasani.

Hapa lakini nina neno na wewe pia, mwanangu. Uliwaambia vijana nusu. Ni kweli kwamba hati mbili kubwa za karne ya 4, ile ya Sinai na ile ya Vatikani, zinaishia aya ya 8, "maana waliogopa". Lakini je, uliwaambia kwamba Irenayo, askofu wa kanisa la kale, karibu mwaka 180, tayari alikuwa akiinukuu aya ya 19 kama neno la Marko? Kwa hiyo aya hizo ni za kale sana, na kanisa limezisoma tangu zamani. Hatuzitupi, ila hatujengi juu yake peke yake amri ya kuacha dawa. Je, uliwaambia kwamba ufufuo haukusimama juu ya aya hizo? Paulo alikwisha kuandika katika 1 Wakorintho 15, kabla ya Injili ya Marko kwa kadiri wataalamu wengi wanavyoona, kwamba Bwana aliwatokea Kefa, yaani Petro, na wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja. Kijana akisikia "hazimo" halafu ukakaa kimya, moyoni anabaki na shimo. Walimu wengine hufurahia kuchimba mashimo hayo, wanamwona mwanafunzi akitetemeka wakadhani wamefundisha. Usijifunze tabia hiyo. Jambo ambalo hujaweza kulijibu mwenyewe, lipeleke kwanza kwa mwalimu wako, si kwa watoto wa Jumapili.

Kuhusu baba. Amri ya kuwaheshimu wazazi haikufutwa na cheti cha chuo, ila heshima si kuacha wito kimyakimya ukabaki na kinyongo. Panda meli, nenda Nansio, kakae naye. Usiende na madaftari, wala usimtajie hati za karne ya 4. Chukua Luka 5, umsomee: wavuvi wamekesha usiku kucha bila kupata kitu, asubuhi wako ufuoni wanaosha nyavu, na seremala mmoja anawaambia warudi kilindini. Kisha nyamaza, umuulize yeye. Kwa nini mvuvi aoshe nyavu baada ya usiku mtupu? Kumwambia mtu aliyekwisha kuosha nyavu azishushe tena mchana ni kumwomba nini? Baba yako anajua juu ya sura hiyo mambo ambayo profesa wa Ulaya inambidi aandike kurasa nyingi kuyafikia. Atakapokuwa akieleza, mwambie kwamba hicho anachofanya ndicho unachosomea.

Mweleze pia habari ya mwaka 1986. Maji ya ziwa la Galilaya yalipungua kwa ukame, na ndugu wawili wavuvi wakaona mbao kwenye matope. Ikawa ni mashua ya karne ya kwanza, urefu wake kama mita 8 na upana mita 2 na kitu, imeungwaungwa kwa mbao za aina nyingi, kiraka juu ya kiraka, kama mashua ya mtu asiyekuwa na fedha ya kununua nyingine. Mpe vipimo, atavilinganisha na mashua yake mwenyewe. Hakuna anayejua nani aliipanda, na usimwambie ni ya Petro. Ila ataona aina ya chombo ambacho Bwana alilala ndani yake dhoruba ilipovuma.

Akibaki na msimamo wake, usimpigie kelele wala usimseme kwa ndugu. Rudi chuoni, nenda kwa mlezi wa wanafunzi umweleze habari ya ada kabla hujafukuzwa mtihani, na uombe kulipa kwa awamu. Mwambie baba waziwazi kwamba umefanya hivyo, asije akalisikia kwa watu.

Na yule mzee, mtembelee nyumbani kwake, si kanisani mbele za watu. Mwombe radhi kwa ile nusu uliyoiacha, kwa sababu hapo ana haki. Kwa lile neno la kumsulubisha Bwana huna deni naye. Nafasi ya kufundisha watoto usiidai. Kaa na waumini wengine Jumapili, uimbe, mpaka wakuite.